Jibu: Ndoo ya maji na karai la mafuta

Waalaykumu salaam, dada. Umeuliza kama ndoo mbili za maji zinatosha kwa banda lako la chipsi na pweza hapo Jambiani, lililoezekwa makuti. Kwa kuni na makuti, maji sawa. Kwa karai la mafuta, hata tone usitie.

Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama. Na mafuta yaliyojishika moto yenyewe yashapita nyuzi 300, basi maji yakizama tu yanageuka mvuke, unaotaka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji. Mvuke huo ndio unaorusha mafuta yanayowaka juu, moja kwa moja kwenye makuti. Na makuti makavu, kaskazi ikivuma, hayakupi hata muda wa kumwita jirani.

Funga gesi, kisha telezesha sinia la bati juu ya karai kuanzia upande wako. Karai usilibebe nje. Wala usifunue kuchungulia: mafuta yangali moto, hewa ikiingia yanawaka tena.

Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni daioksaidi haufai hapa, unapuliza kwa nguvu mafuta yakatapakaa. Nunua blanketi la kuzimia moto, ulitundike karibu na mlango (wengi hulitundika juu ya jiko, sijui watalifikiaje!).

Lakini mimi ningeanza kwa kulitoa jiko chini ya makuti, nikaliezekea bati peke yake. Na karai usilijaze mafuta kupita theluthi.