Jibu: Binti wa Lamu na historia ya sanaa

Dada, umeuliza kama binti yako atapata nafasi kwenye idara ya historia ya sanaa ambayo masomo yake karibu yote ni ya Ulaya. Atapata, ila kupokea wanafunzi wa pwani hakutoshi ikiwa mtaala ni uleule. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu za karne ya 18, chokaa iliyonakshiwa kwa mkono safu juu ya safu, ni sanaa kamili. Siwa ya kisiwa cha Pate, baragumu la sherehe la pembe za ndovu, vilevile. Na mikeka ya ukindu wanayosuka mama zetu, kwa nini iitwe kazi za mikono tu? Fundi wa milango ya nakshi aalikwe kufundisha, tena alipwe kama mhadhiri. Mwambie binti yako aombe, na kwenye barua aeleze nakshi anazozijua tangu utotoni.