Uvimbe wa Mpakani wa Ovari: Subiri Majibu ya Kinyama Kabla ya Kukubali Kutolewa Kila Kitu

Mwanamke anayeambiwa kwamba ana uvimbe wa mpakani kwenye ovari hupokea ushauri wa aina mbili kutoka kwa watu wanaompenda. Wapo watakaomwambia kwamba hiyo si saratani, kwa hiyo amshukuru Mungu na aendelee na shughuli zake, na wapo watakaomwambia kwamba ni saratani iliyofichwa jina, kwa hiyo atolewe kizazi chote na kuanzishiwa dawa kali mara moja. Mimi nilipewa ushauri wote huo na watu wa nyumba moja, hapa Moshi, kabla nyuzi za mshono hazijatolewa, na ninavyoujua ugonjwa huu sasa, pande zote mbili hazikuwa sahihi.

Katika uvimbe huu chembe hai hukua kupita kawaida na maumbile yake hubadilika, lakini hazipenyi kwenye nyama iliyo chini yake kama zinavyofanya chembe za saratani. Daktari Howard Taylor wa Marekani aliueleza mwaka 1929, na Shirika la Afya Duniani likautenga kuwa kundi lake mwaka 1973. Katika kila uvimbe 100 unaoanzia kwenye ngozi ya ovari, kati ya 10 na 20 huwa wa aina hii, na takribani theluthi moja ya wagonjwa hawajafikisha miaka 40. Ndiyo maana suala la uzazi haliwezi kuwekwa pembeni.

Kwangu ulianza kwa tumbo kujaa hadi sketi za kazini zikakataa kufunga, na majirani wa Pasua wakaanza kunipongeza kwa ujauzito ambao haukuwapo. Altrasaundi ilionyesha mfuko mkubwa wa maji wenye kuta ndani yake na vinyama vidogo vilivyoota ukutani. Kipimo cha damu cha CA-125 kilikuwa juu, jambo lililowatisha ndugu zangu kuliko lilivyostahili, kwa sababu kipimo hicho hupanda pia kwa ujauzito, hedhi, endometriosisi (nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake) na hata kifua kikuu cha tumbo. Hakuna altrasaundi wala kipimo cha damu kinachoweza kuthibitisha kwamba uvimbe ni wa mpakani. Kuuchoma kwa sindano ili kunyonya maji hakushauriwi, maana yakimwagika tumboni yanaweza kusambaza chembe. Kuhusu dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa sokoni, nitasema tu kwamba haziyeyushi uvimbe huu, na muda unaopotea ukizinywa ni wako.

Tiba ni upasuaji. Kwa mama aliyemaliza kuzaa, kawaida hutolewa ovari zote mbili, mirija na kizazi, pamoja na sehemu ya utando wa mafuta unaofunika utumbo, huku maji ya tumboni yakichukuliwa kwenda maabara. Kwa anayetaka kuzaa, inawezekana kutoa ovari moja na mrija wake na kuacha vingine, mradi daktari aikague ovari ya pili, utando wa tumbo na, uvimbe ukiwa wa aina ya ute, yaani wenye majimaji mazito ya kunata, kidole tumbo pia.

Mama mkwe wangu aliniambia kwa upendo mtupu, “Mwanangu, wewe una mtoto mmoja na uhai wako, watoe tu yote.” Nilimheshimu, nikamjibu kwamba nitamsikiliza daktari kwanza. Daktari aliponiletea fomu ya ridhaa alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kuniuliza achukue hatua gani endapo atakuta jambo asilolitarajia, kisha tukaandika kwa kalamu, chini ya maneno yaliyochapishwa, kwamba ovari ya kulia na kizazi vibaki isipokuwa saratani ionekane waziwazi. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Kipimo cha haraka cha kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachotazamwa kwa hadubini, kinachofanywa mgonjwa akiwa bado kwenye nusu kaputi, hakipatikani katika hospitali nyingi, na hata kinapopatikana hukosea, hasa kwa uvimbe mkubwa wa ute. Kwa hiyo, ukiwa bado unataka mtoto, ni afadhali kutoa kidogo na kurudi baadaye, kwa kuwa upasuaji wa pili unawezekana lakini kizazi kilichotolewa hakirudishwi.

Majibu ya kinyama ndiyo yanayoamua kila kitu. Binamu yangu alitolewa uvimbe katika hospitali moja ya Arusha na haukupelekwa maabara, na uliporudi hakuna aliyeweza kusema ule wa kwanza ulikuwa nini. Uliza mapema nani anaupeleka na maabara ipi inapokea. Ripoti ikija, tazama kama ni aina ya majimaji au ya ute, kama gamba lilipasuka, na kama kuna vipande vya uvimbe vilivyojipandikiza nje ya ovari. Vipande vikiwa vimepenya ndani ya nyama, tangu uainishaji wa mwaka 2014 vinahesabiwa kuwa saratani ya daraja la chini, na mpango wa tiba hubadilika. Maabara huhifadhi bloku za nta zenye kinyama, kwa hiyo ukiwa na shaka unaweza kuomba mwanapatholojia mwingine, yaani daktari anayesoma vinyama, azisome.

Kwa wagonjwa wengi matokeo ni mazuri. Uvimbe mwingi hugunduliwa ukiwa bado kwenye ovari, na kati ya wanawake 100 wa hatua hiyo zaidi ya 95 huwa hai baada ya miaka 5. Kemotherapi, yaani zile dawa kali za saratani, haijathibitika kurefusha maisha yao, kwa kuwa chembe hizi hugawanyika polepole. Kurudi kwa uvimbe hutegemea kilichoachwa: kwa waliotolewa vyote, hurudi kwa takribani 5 kati ya 100, kwa waliotolewa ovari moja, tafiti nyingi zinataja hadi 20, kwa waliotolewa mfuko pekee ovari ikaachwa, kuanzia 12 hadi zaidi ya 50. Unaorudi mara nyingi huwa wa mpakani tena na hutolewa kwa upasuaji, na ni wachache ambao hugeuka saratani. Aina ya ute inahitaji tahadhari zaidi, na ni salama kutoa ovari nzima kuliko mfuko peke yake.

Kwa hiyo anayebakiza ovari amejifunga na kliniki: kila miezi 3 hadi 6 katika miaka ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka, kwani uvimbe huweza kurudi hata baada ya miaka 10. Ninatunza ripoti zote katika faili moja, kwa sababu madaktari huhama na kumbukumbu za hospitali hupotea. Takribani nusu ya wanaojaribu kupata mimba baada ya upasuaji wa namna hii hufanikiwa, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Sasa nimemaliza kuzaa, na swali ni kama nitoe ovari iliyobaki. Madaktari hawakubaliani kuhusu hili, na kuitoa mapema huleta ukomo wa hedhi pamoja na madhara kwa mifupa na moyo. Daktari wangu na mimi tumeamua ibaki, iangaliwe kwa altrasaundi ya ukeni kila mwaka, na itolewe siku kitakapoonekana kitu ndani yake.