Swali la lugha: "sloti 2 za NIM" au "sloti ya NIM 2"?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi na wenzangu tunaandika mwongozo wa Kiswahili kwa mafundi wanaofunga na kupanua ruta za ofisi za matawi, hasa Cisco ISR 4331 na zile za zamani, 2911. Kila mmoja wetu ana maneno yake. Pale inapoingia kadi, mmoja anaandika nafasi, mwingine tundu, mwingine mlango, mwingine sloti. Upatanisho nao unatusumbua: ni "sloti ya" au "sloti za"? Na ruta za aina hii tuziite "ruta zenye moduli" au "ruta za kimoduli"? Tumeshaletewa kadi zisizoingia kwa sababu ya jinsi tulivyoandika.

JIBU: Nianze na upatanisho, ndugu yangu, maana hapo ndipo kadi zinapoagizwa vibaya.

Ruta, moduli, kadi, sloti, poti, feni na leseni zote zimeingia katika ngeli ya I-ZI. Umbo la nomino halibadiliki kati ya umoja na wingi, kwa hiyo idadi inabebwa na kiambishi cha upatanisho peke yake. Mwalimu wa shule akikuta "sloti ya" mahali pa "sloti za" atapunguza alama moja. Kwenye mwongozo wa vifaa, herufi hiyo moja inabadilisha hesabu ya bohari.

Chukua ISR 4331. Ina sloti 2 za NIM (moduli ndogo za kuunganisha mtandao) na sloti 1 ya SM (moduli kubwa zaidi, ya huduma). Ukiandika "sloti ya NIM 2", msomaji mmoja ataelewa sloti moja inayobeba NIM mbili, na mwingine ataelewa sloti ya NIM iliyo namba 2. Ukiandika "sloti za NIM 2", wa tatu ataanza kuuliza kama NIM 2 ni toleo jipya. "Sloti 2 za NIM" haina mlango wa mabishano. Kwa hiyo idadi ikae mara tu baada ya kile kinachohesabiwa, na namba ya utambulisho itanguliwe na neno "namba" kila inapotokea, hata kama sentensi itarefuka. Wingi wa mazungumzo kama "makadi" na "maruta" uacheni mezani kwa mafundi. Katika maandishi, "kadi hizi" na "ruta hizi" zinatosha.

Epukeni pia namba za mpangilio: "sloti ya kwanza", "poti ya pili". Ruta hizi zinaanza kuhesabu kwenye sifuri. Kwenye 4331 poti zilizojengewa ndani ni 0/0/0, 0/0/1 na 0/0/2. Fundi aliyeambiwa "poti ya kwanza" atachomeka waya kwenye 0/0/0 au 0/0/1, kutegemea kama anahesabu kwa macho au anasoma namba. Kwenye sloti ni hatari zaidi, kwa sababu sloti za NIM ni 0/1 na 0/2, na ya SM ni 1/0. Hapo "sloti ya kwanza" ina madai mawili yenye nguvu sawa. Andikeni "sloti namba 0/1", basi.

Sasa jina lenyewe la pale kadi inapoingia. Mlango siupendekezi, kwa sababu wengi wanautumia kwa pale waya unapochomekwa, na mwongozo unaotumia neno moja kwa vitu hivyo viwili hauwezi kutofautisha "ruta ina milango 3" na "ruta inachukua kadi 3". Tundu lina kasoro yake: ruta ina matundu ya hewa ubavuni, na fundi anapaswa kuyaacha wazi. Nafasi ni neno zuri na la asili, lakini kwenye kompyuta limeshapewa kazi nyingine. "Ruta haina nafasi" itasomeka kuwa hifadhi imejaa, wakati ninyi mnamaanisha kadi haina pa kuingia. Ningechagua "sloti" kwa pale moduli inapoingia, "poti" kwa pale mtandao unapopita, na "tundu" kwa uwazi wenyewe unaoonekana kwa macho. Huu ni uamuzi wa mwongozo wenu, si amri ya lugha. Mkishauchagua, usibadilike kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Tofauti ya poti na tundu ina kazi ya kweli hapa. 4331 ina poti 3 za gigabiti. Mbili zinapokea waya wa RJ45 (plagi ya kawaida ya waya wa shaba wa mtandao) na mbili zinapokea SFP (kipande kidogo kinachochomekwa ili kupokea, hasa, waya wa nyuzi za mwanga). Jumla inaonekana kuwa nne, lakini poti moja ina matundu mawili, la RJ45 na la SFP, na hutumia moja kati ya hayo kwa wakati mmoja. Anayehesabu matundu na kuyaita poti atapanga laini nne kwenye ruta ya poti tatu. Mwandike hivi: "Poti ni 3. Poti moja kati ya hizo ina matundu 2. Tumia tundu moja tu."

"Kadi" na "moduli" pia zisiandikwe peke yake, na nadhani hapa ndipo mlipoletewa kadi zisizoingia. 2911 ina sloti 4 za EHWIC (kadi za kuunganisha mtandao za ruta za kizazi hicho). EHWIC haiingii kwenye sloti ya NIM ya 4331, umbo lake ni tofauti. Agizo linalosema "kadi 2 za ruta" ni la kubahatisha. Semeni "kadi ya EHWIC" na "moduli ya NIM", ukoo ufuatane na nomino kila mara. Tena zipo EHWIC za upana maradufu, ambazo kila moja hukalia sloti 2. Kwa hiyo "2911 inachukua kadi 4" ni kweli kwa kadi za upana wa kawaida tu, na sentensi iseme hivyo.

Mmeona nimeandika "inachukua", si "ina". "Ruta ina moduli 2" maana yake zimo ndani tayari. "Ruta inachukua moduli 2" maana yake kuna mahali pake, na huenda ruta imetoka kwenye boksi bila hata moja. Kwenye jedwali la vifaa, tenganisheni kilichomo na kinachowezekana: "Kumbukumbu iliyomo: GB 4. Kikomo: GB 16." Neno "uwezo" peke yake halitoshi, kwa sababu linaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo viwili. Na "kumbukumbu" yenyewe ina ndugu wawili wa kuchanganywa nao: hifadhi, inayotunza mfumo na mipangilio hata umeme ukikatika, na kumbukumbu za matukio ambazo ruta inaziandika. Ya kwanza iiteni "hifadhi", ya pili "taarifa za matukio", na "kumbukumbu" ibaki kwa ile ya kazi.

Kiswahili kinatupa hapa kitu ambacho ningependa mkitumie zaidi: -po, -ko na -mo. "Moduli haimo" ni kwamba sloti ni tupu. "Moduli imo lakini haijatambuliwa" ni tatizo lingine kabisa, na fundi atalitafutia mahali pengine. Ripoti inayosema tu "moduli hakuna" inamlazimisha mtu kusafiri hadi tawini kuangalia kwa macho.

Vivyo hivyo, gawanyeni "kupatana" katika vitenzi vitatu: kuingia, kutambuliwa, kufanya kazi. SFP yoyote ya umbo sahihi itaingia kwenye tundu. Ruta inaweza kuikataa kwa sababu haimo katika orodha ya zinazokubaliwa, na hapo imeingia bila kutambuliwa. Na ukiweka SFP ya SX, yenye mwanga wa nanomita 850, upande mmoja, na ya LX, yenye nanomita 1310, upande wa pili, zote zitaingia, zote zitatambuliwa, na mawasiliano hayatasimama. Mwongozo unaosema "SFP hizi zinapatana na ruta" haujamsaidia fundi huyo.

Vitenzi vya mikono navyo vinahitaji uangalifu. "Funga" ni kitenzi chenye mizigo mingi mno. Kufunga ruta ni kuiweka kwenye raki, kufunga skrubu ni kuikaza, kufunga poti ni kuizuia isipitishe data, na kufunga mfumo, kwa wengine, ni kuuzima. "Funga moduli kabla ya kuendelea" inaweza kutekelezwa kwa bisibisi au kwa kibodi. Ningegawa hivi: ruta hufungwa kwenye raki, moduli hupachikwa kwenye sloti na kutolewa, waya huchomekwa na kuchomolewa, skrubu hukazwa na kulegezwa, poti huwashwa na kuzimwa kwa amri, moduli husimamishwa kwa amri.

Angalieni sana -ki-. "Ruta ikiwa imewashwa, toa moduli" inasomeka kwa njia mbili: ni sharti, au ni ruhusa ya kutoa moduli huku umeme upo. Majibu ya ruta zenu mbili hayafanani. Kwenye 4331 moduli ya NIM inaweza kubadilishwa bila kuzima ruta, ilmradi isimamishwe kwanza kwa amri. Kwenye 2911 kadi ya EHWIC haibadilishwi umeme ukiwepo. Ruta izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Msiache jambo hilo ndani ya kiambishi. Andikeni "Usizime ruta" au "Zima ruta kwanza", kama sentensi huru, na jina la ruta pembeni yake.

Kuhusu "ruta yenye moduli", ni maelezo ya ruta ambayo moduli zimo. Iliyotoka kiwandani ikiwa tupu haiitwi hivyo kwa haki. "Ruta ya kimoduli" inataja jinsi ilivyoundwa, na inabaki kweli hata sloti zote zikiwa tupu. Kama wasomaji wenu wamezoea "kipanga njia", hakuna ubaya, ila kipo katika ngeli ya KI-VI: kipanga njia kinachukua, vipanga njia vinachukua. Kuanza na "kipanga njia" na kumalizia na "inachukua" katika sentensi ileile kunamfanya msomaji atafute nomino nyingine.

Na "kupanua ruta" nina shaka nayo. Poti za 4331 ni za gigabiti 1 kila moja, lakini ruta yenyewe inapitisha megabiti 100 kwa sekunde, na leseni ya utendaji huifikisha 300. Kupachika moduli ya NIM yenye poti 2 za gigabiti kunaongeza mahali pa kuchomeka laini. Kasi ya ruta inabaki palepale. Mteja aliyesoma "kupanua" atatarajia vyote viwili. Semeni "kuongeza poti" au "kuongeza kasi ya kupitisha data", na neno "kasi" liambatane na mwenyewe: kasi ya poti, kasi ya ruta.

Hatua ya kubadilisha moduli ya NIM kwenye 4331 ningeiandika hivi, na amri ziachwe kama zilivyo kwa sababu ruta haielewi tafsiri:

"Usizime ruta. Vaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli. Andika hw-module subslot 0/2 stop. Hakikisha kwa amri ya show platform kwamba moduli imesimama. Chomoa waya zote za moduli hiyo. Legeza skrubu zake, kisha ivute itoke ikiwa imenyooka. Pachika moduli mpya ya NIM kwenye sloti namba 0/2, isukume hadi uso wake ulingane na uso wa ruta, kisha kaza skrubu. Andika tena show platform. Hali ya moduli iwe ok. Kama hakuna moduli mpya ya kupachika, rudisha kava ya sloti na uikaze, kwa sababu sloti iliyo wazi huvuruga njia ya hewa inayopoza moduli nyingine."