Ruzuku za usonji: fedha zinapita mikononi mwa nani?

Tangu nitaje kwa kifupi sheria ya usonji (autism) ya Marekani, maswali hayajakatika. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha na kuyapunguza. Mimi si mwanasheria. Nimetumia miaka mingi kuandika maandiko ya miradi, nikakataliwa mara nyingi kuliko nilivyokubaliwa, kisha nikahamia upande wa pili wa meza, kusoma ya wenzangu.

Nimesoma kwamba Marekani imepitisha karibu dola bilioni 2 kwa ajili ya usonji. Mwanangu ana miaka sita na bado hazungumzi. Fomu ya kuomba naipata wapi? (Mama Wawili)

Pole kwa kusubiri, mama. Fomu hiyo haipo, na naomba unisikilize kabla hujakata tamaa.

Sheria uliyoisoma ni Autism CARES Act, aliyoitia saini Rais Joe Biden Desemba 23, 2024. Chimbuko lake ni sheria ya 2006, enzi za George W. Bush, ambayo imekuwa ikihuishwa: 2011, 2014, 2019, na sasa hii. Kiasi kinachotajwa ni cha miaka mitano. Halafu ni idhini tu, maana yake Bunge limesema serikali inaruhusiwa kutumia mpaka hapo. Fedha zenyewe hupitishwa mwaka kwa mwaka kwenye bajeti, na mwaka mbaya ukija, fungu linapungua bila sheria kuguswa hata nukta. Magazeti huandika ile namba ya idhini kwa sababu ndiyo kubwa.

Zikishatoka, zinashika njia tatu. NIH, yaani taasisi za taifa za afya, huzipeleka kwenye utafiti. CDC, wanaofuatilia magonjwa na afya ya jamii, huzitumia kuhesabu watoto wenye usonji na kuona wanagunduliwa wakiwa na umri gani. HRSA, wakala wa serikali wa rasilimali na huduma za afya, hufundisha wataalamu wa kuwapima na kuwahudumia. Wanaoandikiwa hundi ni vyuo vikuu, hospitali na idara za majimbo. Mzazi hayumo.

Kinachomfikia mtoto hupitia milango ambayo juu yake hapakuandikwa "usonji". Kwa Marekani, wa kwanza ni sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, iliyoutaja usonji kama kundi linalojitegemea mwaka 1990. Chini ya miaka mitatu mtoto hupata huduma za mapema, na baada ya hapo shule ya umma ndiyo inayowajibika. Wa pili ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo: kwa aliye chini ya miaka 21 inatakiwa kulipia tiba ambayo daktari ameona ni ya lazima, na mwaka 2014 serikali kuu iliyakumbusha majimbo kwamba usonji umo humo. Wa tatu ni SSI, fedha taslimu za kila mwezi kwa familia zenye kipato cha chini.

Ukiwa huko, anza na shule, na uanze kwa barua yenye tarehe. Simu haiachi alama. Ukishasaini kukubali mtoto apimwe, siku 60 zinaanza kuhesabiwa, isipokuwa jimbo lako liwe limeweka muda wake, na siku ya ubishi karatasi yako ndiyo itakayokusemea. Ukiwa nchi nyingine majina ya ofisi yatabadilika, lakini mpangilio ni uleule: ulizia kwanza fungu la ulemavu, la elimu na la bima ya afya.

Nimepigiwa simu nikaambiwa nimechaguliwa kupewa ruzuku ya serikali kwa ajili ya mtoto wangu mwenye usonji. Wanataka nitume ada ya usajili kwanza.

Matapeli hao. Serikali haimtafuti mtu kumpa ruzuku asiyoiomba, na haitozi ada kuomba wala kupokea. Matangazo ya ruzuku za serikali kuu ya Marekani yako wazi kwenye Grants.gov, kuyasoma ni bure. Kama umeshawapa namba ya akaunti, achana na safu hii, piga simu benki sasa hivi.

Kwa nini mamilioni yanakwenda kwa panya wa maabara wakati sisi hatuna hata mtaalamu wa tiba ya usemi? (Baba mwenye hasira, na ninakiri)

Hasira yako ina ushahidi. Marekani kuna kamati ya kuratibu mambo ya usonji, IACC, inayochambua fedha za utafiti, za serikali na za wafadhili binafsi. Kwa mwaka 2018 fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la baiolojia, na masuala ya maisha ya utu uzima yalipata chini ya asilimia 5. Uingereza, mwaka 2013, mtafiti Liz Pellicano na wenzake walikuta zaidi ya nusu ya fedha za utafiti wa usonji zimeelekezwa kwenye baiolojia, ubongo na utambuzi. Walipowauliza wenye usonji na familia zao, wakaambiwa wanataka utafiti unaogusa maisha ya kila siku.

Sababu moja ni ya kawaida kabisa: anayepata ni anayeomba. Maabara kubwa ina watu ambao kazi yao ni kuandika maombi, wakati mama anayetoka kumwogesha kijana wa miaka kumi na saba hana usiku wa kuandika kurasa kumi na mbili. Nyingine ni kipimo. Panya anapimika, ila "familia imelala usingizi" inahitaji mtafiti mvumilivu na jopo lenye imani.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wazazi hawapendi nilitaje: ruzuku haifai kuendesha huduma. Ina tarehe ya kufa. Niliwahi kufuatilia mradi wa tiba ya usemi wa miaka mitatu. Binti mmoja alikuwa amejifunza kuomba maji kwa kutoa picha ya glasi kutoka kwenye kitabu chake na kumwekea mtu kiganjani. Nyuma ya kitabu palibandikwa kibandiko cha namba ya mali ya mradi. Mradi ulipofungwa, mtunza vifaa alipita na orodha yake akakusanya meza, viti, kabati na kile kitabu. Hakukosea, alifuata mkataba. Mimi nilikuwa nimeupitia mkataba ule na sikukiona kipengele hicho.

Ndiyo maana ninang'ang'ania kwamba utafiti uishi kwa ruzuku, huduma ziishi kwa sheria na bima. Na hata hapo, hesabu haziongopi: Medicaid hulipia huduma za nyumbani kwa mpango maalumu ulioanza 1981, lakini majimbo yanaruhusiwa kuweka ukomo wa idadi, na mwaka 2024 walioandikwa kwenye foleni zake walikuwa takriban 700,000, wengi wao wenye ulemavu wa akili au wa ukuaji.

Kuhusu panya, sitawatukana. Kuhesabu nako si kupoteza fedha. Mwaka 2000 mtandao wa CDC ulikuta mtoto mmoja kati ya 150 wa miaka minane kwenye maeneo unayoyafuatilia. Kwa mwaka 2022 ikawa mmoja kati ya 31. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na kugundua vizuri zaidi, hasa watoto waliokuwa wakirukwa. Bila namba hizo, nani angeomba walimu zaidi akasikilizwa?

Je, serikali ziendelee kufadhili utafiti wa chanjo na usonji?

Swali limeshalipiwa, na jibu lipo. Daktari Andrew Wakefield alichapisha mwaka 1998 taarifa ya watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. The Lancet, jarida la kitabibu lililoichapisha, likaifuta 2010. Denmark ilifuatilia watoto 657,461, matokeo yakatoka 2019: chanjo hiyo haikuonekana kuongeza usonji. Kila fedha inayorudi kuuliza hapohapo imetolewa kwenye kitu kingine, na kwa kawaida kitu hicho ni kile cha chini ya asilimia 5 nilichokitaja juu.

Shikamoo. Nasoma shahada ya uzamivu, nataka kuomba ruzuku ya NIH kuhusu usingizi wa watoto wenye usonji. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Anza kwa barua pepe, andiko baadaye. Kila taasisi ndani ya NIH ina maafisa programu, na kazi yao mojawapo ni kujibu watu kama wewe. Mtumie aya mbili za wazo lako, umuulize kama linaangukia kwao. Nilifanya kinyume: miezi minne ya kuandika, kisha jibu la sentensi moja kwamba nimebisha mlango wa jirani.

R01 ndiyo ruzuku kubwa ya kawaida, hadi miaka mitano, na ni ya watu wenye rekodi. R21 ni ya wazo changa: miaka miwili, dola 275,000 kwa jumla bila gharama za uendeshaji za chuo. Ile ya mwanafunzi, F31, inataka uraia au ukaazi wa kudumu. Kama uko nje ya Marekani, soma kipengele cha nani anaruhusiwa kuomba kabla hujaandika neno moja, kwa sababu mwezi Mei 2025 NIH ilisimamisha utaratibu wa zamani wa chuo cha Marekani kumega ruzuku na kumpa mshirika wa nje.

Sasa ukurasa wa malengo. Ni mmoja tu, na ndio unaoamua mengi. Wapitiaji watatu hivi watasoma andiko lako kwa kina. Wengine kwenye jopo watausoma ukurasa huo wakati wewe unajadiliwa, ukibahatika kujadiliwa, maana karibu nusu ya maandiko huishia kabla ya mjadala. Alama ni 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. (Nimeshuhudia mtu akishangilia 8.) Kwa R01, kwa miaka mingi aliyepata alikuwa mmoja kati ya watano hivi, na kutoka kuwasilisha hadi fedha kufika hesabu miezi tisa au zaidi. Kwa hiyo usiache kazi nyingine.

Asasi yetu ndogo ya wazazi imeomba mara tatu, imekataliwa mara tatu. Tatizo ni kujuana?

Wakati mwingine. Mara nyingi ni bajeti. Niliwahi kukaa kwenye jopo ambako andiko zuri, lenye moyo, lilikuwa na mstari huu: "mipira mikubwa 4, mablanketi mazito 6, viziba masikio 20." Mjumbe mmoja, mtu wa fedha, akauliza kwa nia njema kabisa: "Watoto wanalala hapo?" Hakuna aliyejua jibu kwa sababu hakuna aliyeliandika. Sentensi moja ingetosha, kwamba blanketi lenye uzito na kuziba kelele humsaidia mtoto kutulia akizidiwa na sauti na mwanga. Andiko likapoteza alama hapo, na sikuwa na la kulitetea.

La pili ni uwezo wa kubeba fedha. Ruzuku ya serikali huja na taarifa za matumizi, mihutasari ya vikao, mkaguzi wa hesabu. Kwa Marekani taasisi inayotumia dola 1,000,000 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka lazima ikaguliwe kikamilifu (zamani ilikuwa 750,000), na kabla ya kuomba chochote unajisajili SAM.gov, daftari la serikali la wanaopokea fedha zake, jambo linaloweza kula wiki kadhaa. Kwa asasi yenye mweka hazina mmoja anayejitolea, ushauri wangu ni kuingia chini ya mwamvuli wa chuo au asasi kubwa kama mpokeaji mdogo. Ila kabla ya kusaini, soma vifaa vitabaki kwa nani.

Mimi ni mtu mzima mwenye usonji. Kwenye vikao vinavyogawa fedha hizi, sisi tumo?

Mmo, wachache. Sheria ya 2006 ilitaka IACC iwe na angalau mjumbe mmoja mwenye usonji. Baadaye wakawa wawili, na tangu 2019 watatu. Ari Ne'eman na John Elder Robison, wote wenye usonji, waliwahi kukaa humo. Lakini IACC inashauri tu, haiandiki hundi. Ukitaka kura, tazama programu ya utafiti wa usonji iliyo chini ya wizara ya ulinzi ya Marekani, ilianza 2007: inakaribisha wenye usonji na familia zao kwenye jopo la upitiaji, na kura yao ina uzito sawa na ya profesa aliyeketi kando yao. Lazima uteuliwe na kikundi au asasi ya usonji unayoshiriki. Ukiitwa, omba karatasi mapema, na uulize kama chumba kina taa zile zinazomemeta.