Anti, Mbona Meneja Mimi Sina Fungu?

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Sakina hapa Arusha, nina machalii wanne wanapiga roki na nawasimamia toka mwaka juzi, yani kutafuta shoo mimi, kubembeleza wenye baa mimi, kukodi Noah mimi, hata waya wa gita ukikatika nanunua mimi. Ikifika kugawana naambiwa "we si hujapiga ala yoyote". Haki yangu asilimia ngapi? Na hii kazi italipa kweli huku Chuga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo kauli naijua, niliambiwa nyuma ya baa moja Moshi, mpiga drams anahesabu noti juu ya spika na mimi nimesimama pembeni na bili ya jenereta mkononi, na hakuna hata aliyeniangalia.

Mameneja wengi duniani wanachukua asilimia 15 mpaka 20. Brian Epstein, yule aliyekuwa na duka la sahani za muziki Liverpool akawachukua Beatles, alifika 25, na Colonel Tom Parker wa Elvis alifika hadi nusu, ila we usijifanye Colonel. Sasa ugomvi wenyewe uko hapa, asilimia ya nini? Tuseme baa imetoa 600,000. Noah na mafuta 120,000, spika na mikisa za kukodi 180,000, msosi 50,000, zinabaki 250,000. Ukichukua 20 ya ile 600,000 unaondoka na 120,000 halafu kila chalii anabaki na 32,500, hapo lazima wakuchukie. Chukua 20 ya kilichobaki, unapata 50,000 na kila mmoja wao 50,000, sawasawa, nani atanuna? Andikeni hivyo karatasini, wote watano mtie saini, na iwe kabla ya shoo maana baada ya bia mbili hamna anayekumbuka.

Kulipa, mmh. Mji huu ndo wa X Plastaz na Weusi, yani wa hip hop, roki utaitafutia watu kwa tochi. Mahoteli yanalipa ila yanataka nyimbo za wasanii wengine ambazo watalii wanazijua, kwahiyo machalii wako wakubali kupiga hizo Ijumaa ili Jumamosi wapige zao. Halafu vuka mpaka wa Namanga, Nairobi roki ina watu wake, ila beba orodha ya vyombo na namba zake, forodha wakikuuliza uwe na cha kuonyesha. BASATA, lile baraza la sanaa la taifa, jisajilini, nyimbo pelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya waliozitunga, lako usichomeke kama hujatunga, huko ndiko bendi nyingi zinakofia.

Na hiyo hela ya waya wa gita, dai. Risiti si unazo?