Usichekeche mboji kavu! (Kwa ndugu wa Ahero, Kisumu, mwenye magunia 12)

Weka hilo chekeche chini kwanza. Umeandika kwamba una magunia 12 ya mboji, makapi ya miwa yaliyochanganywa na mbolea ya kuku, yamekaa stoo tangu Desemba. Jumamosi unataka kuyaanika juani yakauke kabisa, kisha uyachekeche ndani ya stoo upepo usije ukabeba mbolea yako, mama akikusaidia japo ana pumu. Halafu unauliza kama glavu ni lazima, mbolea ya kuku ikae muda gani, na mchanganyiko wa kitalu cha nyanya uwe ngapi kwa ngapi. Glavu! Nyumba inaungua, wewe unauliza pazia lifuliwe na sabuni gani.

Kosa hilo nililifanya vilevile, stoo na chekeche na kila kitu, kwa hiyo usinione mkali bure.

Ukifungua mboji ya namna hiyo, kama kiganja kimoja chini ya ngozi ya juu, utakuta utando mweupe-kijivu kama majivu ya kuni. Wengi tukiuona tunafurahi: "Imeiva hii, imejichoma yenyewe." Hayo si majivu. Ni makundi ya bakteria wapenda joto waitwao aktinomaisiti, pamoja na kuvu, na kuvu mwenyewe mara nyingi ni Aspergillus fumigatus. Wanastawi pale lundo lilipopata moto kisha likakosa maji. Kuozesha wanaozesha vizuri, sina ugomvi nao. Ugomvi ni vijimbegu vyao. Kijimbegu cha huyo Aspergillus kina upana wa maikroni 2 hadi 3 tu, na maikroni moja ni milimita iliyokatwa vipande elfu. Vumbi la barabara ya murram, lile kubwa, hukwama puani ukalipenga jioni likiwa jekundu. Hivi vidogo vinapita pua, vinapita koo, vinatua kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Ukipiga gunia kavu unaona kaukungu kama ka godoro lililopigwa fimbo, unasema si kitu. Kumbe kilichokuwa cha kuonekana ndicho kilichokwisha kuanguka chini. Kibaya zaidi hukioni, na kwenye stoo isiyo na dirisha kinaelea muda mrefu baada ya wewe kuweka chekeche pembeni.

Na makapi ya miwa yana ugonjwa wake yenyewe, bagasosisi. Makapi mabichi yaliyotoka kusagwa leo hayana neno. Shida ni yaliyorundikwa yakaota ukungu, na hapa kwetu kwenye viwanda vya sukari, kuanzia Muhoroni hadi Mumias, nani hajayaona yamerundikwa? Ni ndugu wa ule ugonjwa wa mapafu ya mkulima, ambao daktari mmoja Uingereza aliueleza mwaka 1932 kwa watu waliokuwa wakishika nyasi kavu zenye ukungu. Si maambukizi. Ni mwili wenyewe unaokasirikia lile vumbi, na ukishazoea kukasirika, safari inayofuata unahitaji vumbi dogo kuliko la kwanza.

Sasa sikiliza hila yake. Hauanzi pale pale. Unachekecha alasiri, unaoga, unakula ugali wako na omena, unajisifu. Baada ya masaa manne hadi manane ndipo unapigwa na baridi, homa, viungo kuuma, kikohozi kikavu, kifua kubana. Usiku! Kanda ya ziwa, mtu akitetemeka usiku, kila jirani ni daktari na ugonjwa ni mmoja: malaria. Unameza dawa, na kwa kuwa hali hii hujiondokea yenyewe ndani ya siku moja hadi tatu ukikaa mbali na vumbi, unaamini dawa imefanya kazi. Wiki inayofuata unarudi kwenye lundo, unatetemeka tena, unanunua dozi nyingine. Hivyo ndivyo mtu anavyotibiwa malaria mara tatu huku kipimo kikisema hana. Hata picha ya kifua inaweza kuonekana safi siku za mwanzo. Ukiendelea miezi na miaka, mapafu yanaota makovu, na kovu la pafu halirudi nyuma kwa dawa yoyote. Kwa hiyo ukishikwa na homa jioni ya siku uliyogusa mboji, pima malaria, ndiyo, huku kwetu huwezi kuacha kupima. Lakini mwambie tabibu kwa mdomo wako: "Leo nimechekecha mboji yenye ukungu." Asipoambiwa hatauliza.

Najua ulikoupata ushauri wa kuanika na kuchekecha, kwa sababu ndiko nilikoupata mimi. Kuna mwalimu wa semina, jina naliacha, anayesimama mbele ya watu na shati jeupe na kusema mboji ni asili, asili haidhuru, ishike kwa mikono mitupu, inuse, ndiyo dawa ya udongo. Dawa ya udongo, sawa. Mapafu yangu si shamba. Kichaa cha mbwa nacho ni asili. Na nyinyi mnaosema kwamba babu zetu walishika samadi wakaishi miaka 90: babu alikuwa akichota samadi mbichi yenye majimaji boma likiwa wazi, hakuwahi kuchekecha makapi makavu ndani ya chumba cha mabati. Tena hao wa miaka 90 ndio tunaowakumbuka. Waliokufa wakikohoa wakiwa na 50 tulisema wamerogwa.

Kanuni ni hii: lowesha kabla hujagusa. Usipoilowesha, usiiguse.

Namna ya kufanya. Toa gunia nje likiwa bado limefungwa, usiliburute. Lilaze mahali ambapo upepo utakupitia ubavuni. Ukiupa mgongo kabisa, hewa huzunguka mbele yako na kukurudishia vumbi usoni. Huko uliko, mchana upepo hutoka ziwani na asubuhi hutoka nchi kavu, kwa hiyo uangalie kabla ya kuchagua pa kusimama. Fungua mdomo wa gunia polepole, uso wako ukiwa pembeni, usichungulie. Mwagilia kwa kopo lenye kichwa cha matundu madogo. Ndoo ikimwagwa kwa kishindo inarusha vumbi lile lile unalolikimbia. Makapi makavu mwanzoni hukataa maji, yanateleza tu juu, kwa hiyo lita 10 za gunia moja zigawe mara tatu, ukisubiri robo saa kila mara. Kisha funga, geuza gunia kichwa chini, liache lilale hadi kesho. Kesho yake chana gunia ubavuni kwa kisu, mboji iteleze yenyewe. Usiliinue na kulikung'uta, hata kama unalihurumia gunia. Chukua konzi moja na uifinye: tone moja au mawili yakitokeza kati ya vidole, imetosha. Ikichuruzika umezidisha, iache ipumue nusu siku.

"Lakini mboji yenye maji haichekecheki." Haichekecheki kwa wavu wa mbu, bila shaka. Tumia wavu wa nusu inchi, upigilie kwenye fremu ya mbao, uisimamishe kwa kuegemeza nje, kisha rusha mboji kwa beleshi kama fundi anavyochekecha mchanga wa kujengea. Iwe ya kufinyika ikashikana, ukiigusa kwa kidole ivunjike. Madonge yatakayobaki yarudishe kwenye lundo, yataoza. Kuanika uache kabisa.

Barakoa vaa, ila isiwe kisingizio cha kuacha maji. Iwe ile ya kuchuja vumbi laini, N95 au FFP2, yenye mikanda miwili, ikae moja kwa moja kwenye ngozi. Ndevu zinaivujisha. Puliza kwa nguvu: ukihisi hewa machoni, haijakaa. Leso ya shingoni inazuia inzi tu.

Haya, glavu. Vaa, na gumbuti pia. Pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi na huingilia hata kwenye mchubuko wa mwiba, na mboji ya taka za soko inaweza kukuficha kipande cha glasi au wembe. Kama hukumbuki sindano yako ya mwisho, au imepita miaka 10, nenda ukachomwe. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, maana mbolea ya kuku hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Hiyo ya kuku, kama lundo halikuwahi kufika nyuzi joto 55 kwa siku kadhaa likigeuzwa mara kwa mara, ihesabu kuwa mbichi hata ikae mwaka, na usiitie kwenye mboga za kuliwa mbichi.

Mama asikaribie. Si kuchekecha tu, hata kufagia stoo baadaye, na stoo yenyewe uinyunyizie maji kabla ya ufagio. Mwenye pumu, aliyewahi kuugua kifua kikuu akabaki na mapango kwenye mapafu, au anayetumia dawa zinazoshusha kinga, kwake huyo Aspergillus haishii kwenye homa ya usiku mmoja. Anaweza kuota humo ndani. Mama mpe kazi ya kupandikiza miche, mboji ikishachanganywa na udongo na kulowa.

Sasa nijibu wewe: mabati ya hiyo stoo yanavuja? Na magunia ukiyagusa kwa nje katikati, bado yana joto au yamepoa? Jibu kabla hujafungua hata moja.