Bibi Shamba Anajibu: Udongo wa Minecraft hauchoki. Tuuchoshe?

Safari hii barua zote tatu zimetoka kwa watu wanaolima kwa vidole. Kwa msomaji mgeni: mimi ni bibi shamba mstaafu. Nilizunguka vijijini miaka 31, mingi kwa baiskeli, michache kwa pikipiki. Siku hizi kila Jumamosi, tukishakula usiku, mjukuu wangu ananiwashia Minecraft, gemu ambayo dunia yake yote ni ya bloku za kuchimba, kujenga na kulima, kwenye kompyuta ya mama yake. Nina shamba, nina mbuzi wawili, na nimeshakufa mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nina miaka 19, nacheza Minecraft na wadogo zangu wawili kwenye simu moja ya mama, kwa zamu. Ngano tunayo mpaka tunaitupa. Shamba la tisa kwa tisa, maji katikati, unavuna, unapanda palepale, unavuna tena, mwaka nenda mwaka rudi. Nikapata wazo: udongo uchoke. Ukipanda ngano mara tatu mfululizo mahali pamoja, mavuno yapungue mpaka uupumzishe au uweke mbolea. Mdogo wangu wa kati anasema nikipendekeza hivyo watu watanichukia. Wa mwisho anataka tuombe na mahindi, mihogo, trekta, na panya wa kula mazao. Tunataka kuwaandikia wenye gemu. Tuandikeje?
Watatu wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba wajukuu zangu.

Mdogo wenu wa kati msikilizeni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifika kwa mzee mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa ya njano, mabua membamba kama kalamu. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, daftari kwapani, nikamwambia, "Mzee, udongo wako umechoka." Akanitazama, akalaza jembe chini, akasema, "Basi tuko wawili. Mimi nakwenda kupumzika." Akaondoka kweli. Nikabaki shambani peke yangu na daftari langu. Msimu uliofuata sikutaja uchovu kabisa. Nilikwenda na kisado cha mbegu za maharage, na safari hiyo nilipewa mpaka uji.

Wazo lenu ni la kweli, ila mmelileta kama faini. Fikirieni mtu aliyejenga shamba lake la ngano tangu gemu ilipotoka rasmi mwaka 2011, ana mitambo ya kuvuna yenyewe, maji yanafunguka, ngano inaelea mpaka kwenye sanduku. Siku moja anapakua toleo jipya, anakuta shamba limekuwa jangwa kwa sababu vijana wa Tabata walitaka haki itendeke. Hata mimi ningewatafuta.

Sasa tazameni wenye gemu wenyewe wanavyoongeza mambo ya shamba. Mwaka 2019 walileta pipa la mboji: unatupia mbegu zilizozidi, majani, masalia, likijaa linakupa unga wa mifupa, ambao kwenye gemu ndio mbolea. Mwaka huohuo wakaleta nyuki. Nyuki akitoka kwenye ua na chavua mwilini, akipita juu ya mazao, mche unapanda hatua moja. Asiyetaka nyuki hakuporwa kitu. Ngano yake inakua kama jana. Ila mwenye mzinga anamzidi jirani. Barua yenu ipite njia hiyohiyo.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani hamlijui, maana hata mjukuu wangu, anayejua kila kitu, hakulijua. Gemu tayari ina kilimo cha mchanganyiko, ila imekificha. Kwenye toleo la Java, lile la kompyuta, mche ukizungukwa na wenzake wa aina ileile pande zote, kasi yake ya kukua inakatwa nusu. Ukipanda kwa mistari, mmoja ngano, mmoja karoti, kasi inabaki kamili. Mjukuu alibisha. Nikamwambia kazini kwetu ubishi ulimalizwa kwa shamba darasa: mashamba mawili kando kwa kando, kila mtu aone kwa macho yake. Tukalima viwanja viwili vya tisa kwa tisa, kila kimoja na bloku moja ya maji katikati, mienge pembeni ili usiku mwanga usipungue. Cha kwanza ngano tupu, miche 80. Cha pili ngano 44 na karoti 36, mstari kwa mstari. Dau lilikuwa chipsi mayai.

Tukaacha kompyuta ikiwaka, tukaenda kuosha vyombo na kuangalia taarifa ya habari. Tuliporudi, kiwanja cha mistari kilikuwa kimeanza kugeuka rangi ya dhahabu huku na kule, na kile cha ngano tupu bado kijani kibichi kama bustani ya mchicha. Mjukuu alichuchumaa mbele ya skrini, akahesabu mara mbili. Chipsi nilikula Jumapili, na kachumbari alilipa yeye. Kwenye simu sijajaribu; hilo fanyeni ninyi kabla hamjaandika, kwa sababu barua yenye shamba darasa ndani yake inasomwa tofauti na barua ya "mimi naona".

Basi pendekezo lenu lianzie hapo. Ombeni maharage.

Nieleze kwa nini maharage na sio mahindi, najua wa mwisho amenuna. Mama yangu alikuwa Mmatengo wa Mbinga, kule milimani Ruvuma, ambako mteremko ni mkali mpaka ukidondosha boga unalifuata bondeni. Wamatengo wanalima ngoro. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa chini kwa mistari inayokatana mpaka zinatengeneza miraba. Halafu unachimba udongo katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi kwa udongo huo. Ukimaliza, mlima mzima ni mashimo na matuta, kama sega la nyuki. Mvua ikishuka, maji yanatuama shimoni, hayakimbii na udongo. Nyasi zinaozea ndani ya tuta. Na juu ya tuta jipya mama yangu alitangulia kupanda maharage. Mahindi yalisubiri msimu unaofuata, yakakuta meza imeshaandaliwa.

Nani aliiandaa? Siku mkipata shamba la kweli, ng'oeni mharage mmoja ulioanza kutoa maua. Msiuvute kwa nguvu, uchimbueni na udongo wake, halafu suuzeni mizizi kwenye beseni. Mtaona vinundu vidogo, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mtama. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au wekundu ndani, bakteria waliomo wako kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika humo. Nimewahi kuona wanakijiji arobaini wanagombea kupasua vinundu kama watoto na ubuyu.

Mchezo wa bloku unaweza kulibeba hilo bila kumchosha mtu. Ningeandika hivi, ninyi rekebisheni lugha:

"Tunapendekeza zao jipya, maharage. Yanapandwa kwenye udongo uliolimwa kama karoti. Yakivunwa yamekomaa, bloku ya udongo chini yake inabaki na rangi ya weusi zaidi. Zao lolote jingine litakalofuata kwenye bloku hiyo litatoa kitu kimoja cha ziada likivunwa, kisha rangi inarudi ya kawaida. Maharage yakifuatwa na maharage, hakuna cha ziada. Asiyepanda maharage hapotezi chochote."

Basi. Sentensi sita. Neno "kuchoka" halimo, lakini mchezaji akishazoea ule udongo mweusi, udongo wa kawaida ataanza kuuona umechoka mwenyewe. Msiseme ziada iwe ngapi kwa mia, wala thamani yake kwa wanakijiji wa gemu. Hizo hesabu ni zao, wana watu wa kuzipiga. Kinachowafaa kutoka kwenu ni kile wasichonacho ofisini, yaani mtu aliyewahi kuona maharage yakitangulia mahindi.

Halafu wazo liwe moja. Mojang, ndio kampuni iliyotengeneza gemu, wana ukurasa wao rasmi wa kupokea maoni, na kanuni yao wenyewe ni wazo moja kwa andiko moja. Mihogo iandikiwe barua yake. Trekta sitaisaini mimi. Panya wa kula mazao, mwulizeni huyo wa mwisho kama amewahi kulala ghalani.

SWALI: Bibi Shamba, hao wenye Minecraft wako Sweden, na kampuni ni mali ya Microsoft tangu 2014. Mtu wa Muheza akipendekeza jambo, kuna atakayesoma kweli au tunajifurahisha?
Mkata Tamaa

JIBU: Kusoma wanasoma. Kufanya ni jambo lingine, na jiandae kusubiri. Wamewahi kuwaachia wachezaji uamuzi kabisa: mwaka 2022 watu walipiga kura kuchagua kiumbe kipya, akashinda Sniffer, dude kubwa la kunusa ardhi na kuchimbua mbegu za kale. Mwaka uliofuata akawemo kwenye gemu na mimea yake miwili. Kwa hiyo mbegu zimeshawahi kuingia kwa kura za watu wa kawaida.

Na usidhani Afrika Mashariki hawaijui. Mwaka 2012 Mojang waliungana na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ambao makao yao ni Gigiri, Nairobi, wakaanzisha mradi wa Block by Block, unaowapa wakazi nafasi ya kupanga maeneo yao ya wazi ndani ya Minecraft kabla fundi hajashika koleo. Kati ya maeneo ya mwanzo ni uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Kibera na Muheza zote mbali na Stockholm.

Kama huwezi kusubiri, tafuta kijana anayeandika programu akutengenezee nyongeza. Gemu inaruhusu kuongeza mazao yako mwenyewe kwenye dunia yako, na pendekezo linaloweza kuchezwa leo jioni lina uzito kuliko maelezo. Ila lipa kijana wa watu.

SWALI: Habari ya wewe Nyanya Shamba. Kwa Minecraft nikiweka unga wa mifupa, mmea unaruka hatua kadhaa hapohapo. Nimepata gunia la unga wa mifupa huku Kitale kwa bei nzuri. Nikimwaga kwa sukuma wiki zangu zilizokuwa za njano, nitaona kitu kabla ya mwezi kuisha?
Mama Sukuma, Kitale

JIBU: Nimecheka peke yangu. Huku kwetu nyanya ni tunda la kachumbari, na mimi bado sijaiva kiasi hicho. Lakini nimepokea, maana najua kwenu bibi ni mke wa mtu.

Mama, hilo gunia usilimwage kwenye sukuma. Unga wa mifupa una fosforasi na madini ya kalsiamu, na unaachia taratibu sana, miezi, wala sio kwa kugusa kama kwenye gemu. Fosforasi inasaidia mizizi, kwa hiyo uweke shimoni wakati wa kupandikiza miche mipya, uuchanganye na udongo. Majani ya njano ni habari tofauti. Angalia yameanzia wapi. Kama ya chini ndiyo yaliyotangulia kupauka na ya juu bado yana kijani, sukuma zako zina njaa ya naitrojeni. Wape samadi iliyooza vizuri, isiyo na joto ukiingiza mkono, uizungushie mmea bila kugusa shina, umwagilie. Kama una kuku, mbolea yao ni kali, iache ioze kwanza. Kama ya njano ni yale machanga ya juu, au yana mabaka, chuma jani moja umpelekee afisa kilimo wa kata yako alione.

Na ukipata nafasi pembeni ya sukuma, panda maharage.